Ukurasa wa Kuchuja Petroli

Mie nilijua kusoma Kiingereza kabla ya wanawake wengi wa mtaa wetu, na nilijiona. Nalisema mapema, mtu asije akanihurumia bure huko mbele. Kaka yangu, aliyekuwa karani bandarini Kilindini, ndiye aliyenifundisha, nyumbani, mlango umefungwa, maana baba aliogopa maneno ya watu. Nilipofika miaka ishirini nilikuwa nimeolewa, nakaa Kibokoni kule kule nilikozaliwa, na gazeti lolote lililoingia nyumbani nililisoma mpaka matangazo ya dawa ya meno. Mume wangu akinicheka. Hakunikataza, Mungu amrehemu.

Kitabu chenyewe kaka alikiokoa Marikiti. Vita vilikuwa vimepamba moto, karatasi ni shida, na alipokwenda kununua bizari alimkuta muuzaji anachana kitabu ukurasa mmoja mmoja, anafungia pilipili manga. Kilikuwa cha Mzungu aliyehama, vyombo vyake vikauzwa kwa mafungu. Kaka akakiomba akapewa. Lakini muuzaji alikuwa ameanzia nyuma, na thuluthi nzima ya mwisho ilikuwa imekwisha kwenda zake majikoni mwa watu. Jalada la nyuma lilibaki likining'inia kwa uzi.

Zilikuwa habari za rubani mmoja, za siku za mwanzo za kurusha ndege huko bara, katika nchi kavu za kaskazini ambako hapakuwa na kiwanja wala barabara. Alipeleka barua, dawa, wagonjwa, mara nyingine mbuzi. Alitua popote: kwenye mto uliokauka, kwenye uwanda wa chumvi, kwenye njia ya ngamia. Nilikisoma peke yangu siku mbili, nikaunguza mchuzi mara mbili. Siku ya tatu nikakitia chini ya buibui nikakipeleka kwa jirani.

Jirani huyu alikuwa mjane mtu mzima, kichochoro kizima kikimwita Bi Mkubwa. Ukumbi wake ulikuwa mpana na wa baridi, basi baada ya alasiri wanawake sita saba tulikusanyika kwake, kila mmoja na kazi yake mkononi, huyu asuka ukili wa mkeka, huyu ashona kofia. Na ukumbi ule ulikuwa na desturi yake: anayesimulia hashiki kazi. Yeye hupewa takia la dirishani na kikombe cha kwanza cha kahawa, na tende zikiwepo, huanzwa yeye. Kabla yangu takia lile lilikuwa la ajuza mmoja mwenye visa vya majini. Nilipokuja na kitabu changu ajuza akasogezwa akae na ukili kama wengine. Hakunisamehe hata siku moja, na haki alikuwa nayo.

Bi Mkubwa alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume. Kabla ya vita alikwenda bara kufanya kazi kwenye viwanja vya ndege, kumimina petroli, kufyeka majani, kusukuma ndege zikikwama kwenye mchanga. Mwaka wa kwanza barua zilikuja. Vita vilipoingia zikakatika, na wakati ninaouzungumza ilikuwa miaka mitatu hakuna ajuaye kama yu hai au amekufa. Alimwacha mke. Mke huyo ndiye aliyekuwa shoga yangu, tumecheza pamoja, tumetogwa masikio siku moja. Alikuwa akikaa pale pale kwa mavyaa wake, mwanamke wa miaka ishirini na moja, wala hana mume wala hajaachwa. Kwa hiyo kitabu cha ndege katika nyumba ile hakikuwa kitabu cha kupitisha wakati tu. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza.

Nilisoma sentensi moja kwa macho, kisha nikaisema kwa Kimvita. Wallahi walikipenda. Kilichowashangaza kuliko yote ni kwamba mabawa ya ndege zile yalikuwa ya kitambaa, kimeshonwa, kikapakwa dawa nzito kama gundi hata kikakaza.

"Ya kitambaa? Ndege ya nguo ya marekani kama kanzu?" akauliza mmoja, ameinua sindano juu. "Basi nami naweza kuishona!"

"Wewe? Kofia ya mumeo mwezi wa nne huu yakungoja, ndiyo utashona ndege?"

Tukacheka mpaka Bi Mkubwa akatwambia tupunguze sauti, wanaume wako msikitini hapo jirani. Nikawasomea bawa lilivyochanwa na mti wa miiba, rubani akalishona mwenyewe kwa sindano ya magunia. Wakataka kujua alilishona mshono gani. Kitabu hakikusema. Nikasema alipiga bandi kwanza, kisha akarudia kwa mshono wa kurudi nyuma. Wakatikisa vichwa, ndivyo, mtu mwenye akili hufanya hivyo. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika kitabu kile, mdogo, na ulipokewa vizuri mno.

Siku zikaenda. Nikawasomea fisi aliyetafuna kiti cha ngozi cha ndege usiku kucha, na wafanyakazi wanaowasha moto wa majani mabichi ili rubani aone moshi ajue upepo watoka wapi. Bi Mkubwa aliuliza maswali yake taratibu, hasukumi mtu. Hao wafanyakazi hula nini? Hupata pa kuswalia? Wana mablanketi? Kitabu hakikuwa na maneno mengi juu ya wafanyakazi. Nami nilimjibu, wanakula wali na nyama ya swala, mablanketi wanayo mawili mawili. Ndege za vita zilipopita juu ya kisiwa tulinyamaza mpaka zipite, kisha wote wananitazama mimi.

Siku ya kumi na mbili kitabu kikakatika. Rubani ameona wingu jeusi mbele, amegeuza ndege, akaona chini yake, basi. Sentensi ilikuwa nusu. Yaliyobaki yalikuwa kwenye pilipili manga.

Ningewaambia. Ni kitu gani? Ningesema jamani kitabu kimechanwa, tumefika mwisho, tungesikitika, ajuza angerudi kwenye takia lake na majini wake. Nami ningeshika ukili kama watu. Ndilo nililoliogopa, mjinga mie, kushika ukili. Nikazirudia kurasa za kati nikawa nazigeuza upya, macho nimeyatuliza kwenye karatasi, na mdomo wasema kinachoujia. Hakuna aliyejua. Wote walijua kusoma Msahafu, lakini maandishi ya Kizungu kwao yalikuwa mistari tu.

Katika juma lile shoga yangu alinivuta kwenye ngazi, pale penye giza tulipokuwa tukijificha tangu wadogo, akanipa habari zake. Kaka yake alikuwa amekwenda kwa kadhi. Mashahidi wamesikizwa, na kadhi amesema mwezi ukiandama warudi, atamtoa katika ndoa ile. Bi Mkubwa mwenyewe alikuwa ameridhia, akalia, akamwambia mwanangu usizeeke juu yangu. Na kulikuwa na fundi wa milango, aliyefiwa na mkewe, amedokeza kwa kaka yake, kwa adabu, kwamba siku akiwa huru asisahauliwe.

"Nimemuona mara moja, dirishani," akasema. "Mikono yake yote vumbi la mbao, shoga." Akajiziba mdomo kwa leso akacheka. Sikuwa nimemsikia kucheka vile tangu harusi yake.

Nilifurahi. Hilo si uongo. Nilimkumbatia nikamwambia siku ya harusi yake nitamsinga kwa mikono yangu.

Sasa sikizeni nilivyofanya. Siku mbili baadaye ukumbini palikuwa pamepoa. Nilikuwa na mvua yangu ya uongo inanyesha juu ya hema ya rubani, sijui niipeleke wapi. Mmoja akapiga miayo. Ajuza akasema, "Alaa, mvua tu leo? Yaani hawa hawana jingine?" na wawili wakacheka. Uso ukanipanda moto. Nikasema: mara katikati ya mvua ile rubani akasikia mtu nje. Mtu wa Mombasa, ametembea siku tatu na debe la petroli begani. Hakupiga hodi. Aligonga mti wa hema mara mbili kwa pete yake akasema, "Wenyewe mupo?"

Ukili ukamwanguka Bi Mkubwa.

Kichochoro kizima kilimjua mtu mmoja tu aliyebisha hivyo. Mtoto wake, tangu akiwa kijana, hakusema hodi kama watu. Aligonga boriti ya mlango kwa pete, mara mbili, "Wenyewe mupo?" na mama yake kutoka jikoni, "Tupo, ingia mwenyewe." Nimeusikia mlio ule wa pete utoto wangu wote. Miaka mingi nilijiambia kwamba ulinitoka tu, kwamba ulimi ulichukua kilicho karibu. Uongo mtupu. Nilijua ni wa nani, na nilijua utamwamsha nani. Nilitaka waamke.

"Ni mwanangu," akasema Bi Mkubwa. Hakupiga kelele. Alinishika goti. "Mwanangu, niambie, kitabu hiki kimeandikwa lini?"

Mwaka ulikuwa umepigwa chapa mbele, ukurasa wa pili. Kitabu kilitolewa miaka mitano kabla mtoto wake hajapanda gari la moshi kwenda bara. Nilikifungua mbele yake. Niliutazama mwaka ule, nambari nne, zi wazi kabisa.

"Mwaka jana," nikasema.

Wanawake wakapiga vigelegele, ajuza naye, machozi yanamtoka. Bi Mkubwa akasujudu palepale juu ya mkeka uliokuwa nusu. Shoga yangu alikuwa amekaa karibu na mlango na kofia mapajani. Hakupiga kigelegele. Alinitazama mimi, kwa muda, kisha akaanza kukusanya nyuzi zake.

Kesho yake Bi Mkubwa alichinja mbuzi akasomesha maulidi, na sukari wakati ule ilikuwa kwa kadi, majirani wakachanga zao. Mie pia nilichanga. Nilikula nyama ya mbuzi yule.

Baada ya maulidi shoga yangu alinisimamisha kwenye ngazi. Palikuwa na harufu ya udi na watu wakishuka na masinia, tukabana ukutani mpaka wakapita.

"Nakuuliza neno moja tu," akasema, "sikuulizi tena maishani. Ni kweli imeandikwa vile? Pete, na maneno yale?"

Alikuwa ananipa mlango, nami naapa niliuona. Ningemwambia la, nimezua, nipigeni, nifukuzeni. Angelia, angenitukana, Bi Mkubwa angenilaani, na mwezi ungeandama akaenda kwa kadhi na kaka yake. Aibu yangu ingekuwa ya mwezi mmoja, miwili ikizidi. Juu walikuwa wakiniita, mwenye kitabu yuko wapi, njoo ule.

"Imeandikwa," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Mwezi ulipoandama hakwenda kwa kadhi. Alimwambia kaka yake hawezi kuvunja ndoa ya mtu anayetembea siku tatu mvuani na debe begani. Fundi wa milango alingoja mwaka na zaidi, watu wakamsema, kisha akaposa kwingine. Mlango aliouchonga kwa ajili ya nyumba yake mpya nilikuwa nikiupita kila nikienda sokoni, na nilizoea kupita upande wa pili.

Mimi sikusoma tena. Nilisema kitabu kimekwisha. Hapo ndipo shoga yangu aliponiomba ule ukurasa. Si kitabu, ukurasa tu wenye mumewe, aweke. Sasa nifanyeje? Nikakaa nyumbani kwangu nikazipekua kurasa zilizobaki, nikitafuta ukurasa wenye neno Mombasa, ili siku mtu anayejua kusoma akiuona, angalau neno hilo alikute. Angalieni akili za mwizi. Nikaupata mmoja. Ulieleza petroli iliyoletwa na gari la moshi kutoka Mombasa katika madebe, na jinsi ya kuichuja kwa ngozi laini kabla ya kuimimina, kwa sababu maji kidogo yakiingia injini huzima hewani. Nikaukata kwa wembe, nikaukunja, nikampelekea. Aliupokea kwa mikono miwili.

"Yuko mstari gani?" akauliza.

Nikamwonyesha kwa kidole. Nilimwonyesha neno Mombasa.

Vita vilipokwisha alikuja dereva wa lori, mtu wa Taita, aliyefanya kazi pamoja na marehemu. Nasema marehemu kwa sababu ndivyo alivyokuja kutwambia. Homa ilimshika mwaka ule ule wa kwanza wa vita, siku nne, akazikwa huko huko kando ya kiwanja. Dereva alileta pete. Alikuwa akiitunza muda wote ule, hajui nyumba iko wapi, ameulizauliza Tononoka na Majengo mpaka akaelekezwa.

Pakawekwa matanga. Shoga yangu alikuwa tayari kukaa eda, amekwisha kuvua bangili, na kaka yake akaenda kumuuliza sheikh taratibu zake. Sheikh akarudi naye mwenyewe, akasimama nje ya pazia, akasema kwa upole sana:

"Mwanangu, huna eda. Eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, si siku ya habari. Yako ilikwisha zamani, nawe hujui. Umekuwa huru miaka yote hii."

Nilikuwa nimekaa bega kwa bega naye. Nilijua hesabu kabla sheikh hajamaliza kusema. Siku niliyokifungua kitabu kile mara ya kwanza alikuwa amekwisha kuwa huru, na siku fundi alipodokeza, na siku ile kwenye ngazi. Kila mtu chumbani alilia kwa ajili ya maiti. Mie nililia kwa kujiogopa, maana nilidhani sasa atageuka aniulize, vipi mtu aliyekufa mwaka ule akagonga hema mwaka jana?

Hakuuliza. Mmoja wa wanawake ndiye aliyeuliza, kwa sauti, "Na kitabu je? Si kilisema?"

"Wazungu huandika wakachelewa," akasema shoga yangu. "Itakuwa alipita pale mwanzo mwanzo, kabla ya homa." Akanitetea. Yeye, pale kwenye matanga, na bangili zake zimewekwa kwenye sahani, akanitetea mie. Nami nikaitikia, ndiyo, itakuwa hivyo.

Hakuolewa tena. Wawili watatu walikuja, akasema muda umepita. Alimuuguza Bi Mkubwa hadi akamzika, akamlea binti wa kaka yake, akasuka mikeka. Tuliendelea kuwa mashoga. Watu wakitutolea mfano, mashoga wa kweli ni wale. Kila Idi nilimpelekea sinia, naye hakunirudishia tupu hata mara moja. Nilikula vyakula vyake miaka arubaini na kila mwaka nilisema mwaka huu nitamwambia. Alikufa mwaka juzi, mwezi wa Shaabani, nami sijamwambia.

Yule binti wa kaka yake ni mwalimu sasa, afundisha Tononoka. Juma lililopita alinijia, akaniamkua vizuri, akakaa chini karibu na miguu yangu. Katika Msahafu wa shangazi yake alikuta karatasi iliyokunjwa, imelainika kwa kushikwa, imekuwa ya manjano. Shangazi alikuwa akiibusu kila Ijumaa baada ya kusoma, na kuweka kidole mahali pamoja, mpaka neno lile limefutika.

"Bibi, nimeisoma," akasema. "Ni habari za kuchuja petroli. Nimeigeuza huku na huku, sioni kingine. Wewe ndiwe ulikuwa shoga yake. Mbona alikuwa akiibusu?"

Alinikabidhi. Niliishika mkononi. Ilikuwa na ukingo ulionyooka, pale nilipopitisha wembe.

Nikamwambia macho yangu hayaoni tena maandishi madogo.

"Haidhuru, bibi," akasema, akaichukua kwa adabu. "Nitakusomea mimi."

Akanisomea. Alisoma sentensi moja kwa Kiingereza, kisha akaisema kwa Kimvita, pole pole, asikose neno: madebe yaletwe kivulini, ngozi ioshwe kwanza, mimina kidogo kidogo, usiharakishe, tazama kama kuna maji. Hakuongeza kitu. Palipofutika alisema, "Hapa pana neno moja halisomeki," akaendelea. Nilimsikiliza mpaka mwisho wa ukurasa, naye akainua uso, akangoja nimwambie.